Waliponilaza Nasitarvik

Kwenye ramani ya kampuni ya mgodi, kisiwa chetu kimepakwa rangi ya kijivu, na pembeni wameandika kwamba hakikaliwi na watu. Hawakuandika kwamba watu waliondolewa, wala nani aliwaondoa. Ni sawa na kuandika kwamba birika halina chai bila kumtaja aliyeinywa.

Wenye ramani wanakiita Kisiwa cha Ashcombe. Ashcombe alikuwa bwana mmoja wa Uingereza aliyetoa pesa za meli enzi za mababu wa mababu zetu, na hakuwahi kulowesha hata soli ya kiatu kwenye maji yetu. Sisi tunakiita Nasitarvik, mahali pa kuangalia mbali, kwa sababu ukisimama juu ya mgongo wake unaiona barafu inakokwenda na unawaona nyangumi kabla hawajafika. Upande wa kaskazini ni majabali yaliyonyooka kwenda juu, na kiangazi ndege wanajazana pale mpaka unadhani jabali lenyewe linapumua. Upande wa kusini kuna ghuba. Hiyo ghuba ndiyo iliyoleta maneno yote haya, maana mkondo unapita pale kwa nguvu na barafu inaachia mapema kuliko mahali pengine popote katika bahari yetu. Nyangumi walilijua hilo kwanza, wazee wetu wakalijua baada yao. Sasa kampuni nayo imelijua, ikataka kulipua ufukwe kwa baruti ili ijenge gati la meli za kubeba mawe ya chuma.

Kutoka majini nchi inapanda kwa ngazi za changarawe. Kila ngazi iliwahi kuwa ufukwe. Zamani sana barafu nzito iliikalia nchi hii, ilipoyeyuka nchi ikaanza kuinuka polepole, kama godoro likiondokewa na mtu mnene, na bado inainuka. Kwa hiyo ukitaka historia ya Nasitarvik huhitaji kitabu, panda tu. Ngazi za juu kabisa kuna mawe ya vibanda vya wale waliokuwepo kabla yetu, watu wenye nguvu za ajabu ambao hawakujua kufuga mbwa. Chini yao kuna nyumba za wakale wetu, zilizochimbwa nusu ndani ya ardhi na kuezekwa kwa mbavu za nyangumi. Karibu na maji kuna masufuria makubwa ya wawinda nyangumi wa Uskoti, yameliwa na kutu, na pembeni yake makaburi yao yenye misalaba ya mbao. Misalaba hiyo imo kwenye ramani ya kampuni. Imewekewa alama nyekundu, isiguswe, na mstari wa baruti umepindishwa kuikwepa.

Halafu ikaja meli ya Serikali. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Wakubwa wa Kusini walikuwa na wasiwasi kwamba taifa jingine litasema kisiwa hakina mwenyewe, basi wakazichukua familia kadhaa kutoka kwetu, wakaziambia kule kuna wanyama tele na mtarudishwa mkitaka. Walitaka bendera zenye miguu. Wakawashusha ghubani mwisho wa kiangazi, na meli ikaondoka na mahema waliyoahidiwa yakiwa bado tumboni mwake. Katika miezi ya giza bibi yangu Qaunaq, mama wa baba, alikufa kwa njaa. Meli iliporudi ikawabeba waliobaki kimya kimya, na tangu hapo karatasi zote zinasema kisiwa hakikaliwi na watu.

Mimi na bibi tuna jina moja. Kwetu mtu akifa, jina lake linabaki nje kwenye baridi likingoja mtoto. Mtoto akizaliwa akapewa, basi yule aliyekufa amefunguliwa mlango, ameingia ndani, anakota moto. Nilipozaliwa mimi nikapewa, na kuanzia siku hiyo shangazi yangu Tatigat, dada wa baba, aliyenizidi miaka kumi hivi, akaniita mama. Nami nilipoanza kusema nilimwita mwanangu, nikimtuma maji, naye akienda bila kununa. Kisha wakanipeleka shule ya bweni huko Kusini. Nikamwandikia barua, nikaanza na neno mwanangu, mwalimu akaisoma mbele ya darasa na darasa likacheka mpaka kengele ikalia. Niliporudi nyumbani nilikuwa namwita shangazi. Yeye hakubadilisha kitu. Aliendelea kuniita mama, kama mtu anayemngojea mwenzake amalize kununa.

Sasa kikao. Tume ya Serikali ilikuja kijijini kwetu mwezi wa nane kusikiliza wananchi kuhusu gati, katika ukumbi wa mazoezi wa shule, viti vimepangwa chini ya nyavu za mpira wa kikapu. Mwenyekiti alikuwa Bi Thorburn, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi, anayesikiliza kwa kalamu. Upande wa kampuni alikaa Bwana Pruett, mtaalamu wa mambo ya kale, ambaye kiangazi kizima alikuwa kisiwani akipima mawe. Mkalimani alikuwa Joanasie wa dukani. Sheria ilikuwa nyepesi kueleweka: palipo na kaburi la watu wa zama hizi, baruti hairuhusiwi. Palipo na magofu ya kale, wataalamu wanapima, wanapiga picha, kisha kampuni inaendelea na kazi.

Siku ya kwanza nilisema mimi. Nilianzia kwa Ashcombe na nilikuwa nimefika kwenye mahema yaliyobaki melini waliponizimia kipaza sauti. Nikaendelea bila kipaza sauti. Siku ya pili wakamwita shangazi, maana ndiye pekee aliye hai kati ya walioshushwa pale. Alipita mbele na koti lake la maua, akakaa, akaisogeza mbali glasi ya maji kama mtu anayemsogeza paka.

"Mama, uliwahi kuishi kisiwani?" Bi Thorburn akauliza.

"Nimelala kule, nimekula kule, nimelia kule," shangazi akasema. "Sijui nyie kuishi mnakuitaje."

Ukumbi ukacheka. Joanasie akatafsiri, wazungu nao wakacheka, wamechelewa kidogo.

"Pole sana. Na mlipoondoka, kuna mtu wa familia yenu aliyebaki kule? Aliyezikwa kule?"

Shangazi akageuza shingo, akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Hakuna aliyebaki," akasema. "Mama alikaa kwenye baridi muda, halafu tukamtoa. Yule pale, anamaliza mkate wangu."

Watu wakacheka tena, wakatikisa vichwa kukubali. Wazee walikubali. Joanasie alikubali huku akitafsiri, na alitafsiri sawasawa, neno kwa neno, simlaumu. Mimi mwenyewe, mwenye mdomo kuliko kijiji kizima, niliinua kipande cha mkate wa kukaanga nikampungia. Kwa nini nisimpungie? Alichosema ni kweli. Hakuna mtu wetu mle ukumbini aliyesikia kosa lolote, kwa sababu kwetu halikuwepo.

Pruett ndiye aliyesimama. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinikera zaidi.

"Nashukuru," akasema. "Familia imethibitisha kwamba mwili ulihamishwa. Inaafikiana na tulichokikuta. Tumetembea kisiwa chote, hakuna kaburi lolote la wenyeji."

Nikaushusha mkate.

"Haukuhamishwa," nikasema, nimeshasimama. "Bibi yangu yuko kule kule."

"Bi Qaunaq, ulishapata nafasi yako jana," Bi Thorburn akasema.

"Nafasi yangu mliizima. Bibi yangu amezikwa Nasitarvik."

"Shangazi yako amesema walimtoa," Pruett akasema taratibu. "Unasema amedanganya?"

Nikageuka. Ukumbi wote ulikuwa unanitazama, na shangazi ananitazama, kichwa amekiinamisha kama mtoto anayesubiri kusikia atachapwa au la. Nikisema ndiyo, nimemwita mwongo mbele ya watu. Nikisema hapana, ghuba imekwenda.

"Kaa chini, Qaunaq," mama mmoja akaninong'oneza kwa nyuma. "Unamwaibisha mwanao."

Sikukaa, nilibaki nimesimama na mkate mkononi. Bi Thorburn akafunga kalamu yake. Akasema ndege ya Tume inaondoka kesho jioni. Asubuhi atakwenda kisiwani kwa macho yake. Nikimwonyesha kaburi ataliandika. Nisipomwonyesha, ataandika alichosikia leo, na Tume haitarudi tena.

Nilitoka ukumbini moja kwa moja hadi kwa shangazi. Alikuwa ameshafika, amekaa sakafuni juu ya kadibodi, anashona viatu vya ngozi ya sili. Meno yake ya mbele yamebaki vijiti kwa kutafuna soli maisha yake yote.

"Shangazi, yuko wapi?"

"Nani?"

"Bibi. Mama yako."

"Amesimama mlangoni anaingiza baridi. Funga."

Nikafunga. "Mlimzika wapi? Unajua kesho wanataka nini."

"Najua. Masikio yangu mazima." Akauvuta uzi. "Sasa nikisema uko kule, wewe uliyesimama hapa ni nani? Mgeni? Nilikuwa namwita nani mama miaka yote hii, jirani?"

"Wataupasua ufukwe kwa baruti, shangazi. Watamlipua."

"Wewe si unajua kusema? Tangu urudi kutoka Kusini unasema. Umemsema padri, umemsema polisi, umemsema mwenye duka mpaka akashusha bei ya unga. Wasemee na hao."

"Hawataki maneno. Wanataka mahali."

"Mahali unapajua wewe. Aliyelala ni wewe, mimi nilikuwa natembea."

Nilizunguka kile chumba, nikaenda dirishani, nikarudi jikoni, nikainua kifuniko cha sufuria, nikakirudisha. Nje bado kulikuwa na mwanga, bahari inameta, vipande vya barafu vinapita kimoja kimoja kuelekea Nasitarvik. Baba alikuwa kijana wa kuwinda mwaka ule. Alikufa bila kukitaja kisiwa hata mara moja. Ukikitaja wewe, alikuwa anatoka nje kuwatazama mbwa, hata baada ya kutokuwa na mbwa.

"Kaa, mama, unanichosha macho," shangazi akasema.

"Kesho utakuja?"

Akakata uzi kwa kile kilichobaki cha meno.

"Nitakuja. Siwezi kukuacha ukae kule peke yako tena."

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala chini, helikopta ya kampuni ikashindwa kuruka. Nilifurahi. Tukaenda kwa boti ya Ulajuk, mtoto wa binamu yangu, ambaye ana ulimi kama wangu ila yeye anautumia kwa mzaha.

"Leo nimebeba Serikali, kampuni, na Qaunaq," akasema akiwasha mashine. "Tukizama, dunia itapata utulivu."

"Angalia barafu wewe," nikamwambia.

"Naiangalia. Upepo ukigeuka inaziba ghuba. Nikipiga kelele, mnakuja mbio, hata kama mko katikati ya hotuba. Hasa kama mko katikati ya hotuba."

Bi Thorburn alikaa mbele, amevaa boya la kujiokolea, daftari ameliweka kifuani chini ya koti. Pruett alimpa shangazi mkono kumpandisha, akamfunika miguu kwa turubai. Shangazi akamtazama, akamwambia Joanasie: "Mwambie ana adabu. Nani kamfundisha, na kwa nini hakumfundisha na kazi nyingine?" Joanasie akaitafsiri nusu ya kwanza.

Majabali yalitokea kwenye ukungu ghafla, juu ya vichwa vyetu, na kelele za ndege zikatushukia. Tulizunguka ncha ya magharibi, tukaingia ghubani. Ulajuk akatangulia kushuka na bunduki, akapanda ngazi ya kwanza ya changarawe, akaangalia kila upande kama kuna dubu, akatuita.

Nilikuwa sijawahi kukanyaga pale. Baba hakutaka, na baada ya baba nilikuwa na vikao. Nimekipigania kisiwa kile tangu nikiwa msichana, nimekichora kwa chaki kwenye mbao za mikutano, najua mkondo wake na tarehe za meli zake. Miguu yangu haikujua kitu. Nilitarajia ningeshuka tu nipajue, na kumbe nilikuwa nimeshuka kama mtalii.

Basi nikaanza kutafuta kwa nguvu. Nikaona rundo la mawe mgongoni mwa kilima, nikakimbia. Pruett akanifuata akihema.

"Hiyo ni akiba ya nyama," akasema. "Tazama, katikati pana uwazi."

Ilikuwa akiba ya nyama. Nikaenda rundo jingine. Ulikuwa mtego wa mbweha. Nikashuka, nikapanda, nikafuata ngazi nyingine hadi mwisho wake. Mawe ya kushikilia hema, duara. Mawe ya kuanikia samaki. Kila nilichokikuta Pruett alikitaja kwa upole, na kila alichokitaja alikuwa sahihi, nami nilijua kwamba yuko sahihi, na hasira ikawa inanipanda kwa kuwa sikuwa na wa kumtolea. Sisi kaburi letu ni mawe juu ya mtu, basi. Nilikuwa natafuta mawe yenye umbo la mtu katika nchi ya mawe.

Chini, shangazi alikuwa amekaa juu ya sufuria ya Waskoti iliyopinduliwa, anakunywa chai ya thamosi kwenye kifuniko chake. Hakuangalia huku wala kule. Bi Thorburn alikuwa anatembea mbele ya misalaba, anarudi, anatazama saa. Maji ghubani yalikuwa yameanza kubadilika rangi, vipande vya barafu vikikaribiana.

"Upepo unageuka," Ulajuk akaita kutoka kwenye boti. "Sijapiga kelele bado. Naonya tu."

"Bi Qaunaq," mwenyekiti akasema nilipofika kwake, "nadhani tumejaribu."

"Bado."

"Umezunguka karibu ghuba nzima."

"Nimesema bado."

Nikaenda nikasimama mbele ya shangazi. Nilikuwa natoka jasho ndani ya koti. Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno tayari, mazuri, ningeanza na baba na mbwa wake. Akainua uso akanitazama, na nikaona anangoja, kama alivyongoja jana ukumbini, kama alivyongoja tangu niliposhuka kwenye ndege ya shule na begi langu nikamsalimu shangazi. Miaka yote hiyo nilikuwa namuuliza kuhusu marehemu. Yeye hakuwa na marehemu.

"Mwanangu," nikasema.

Akaweka kifuniko cha chai chini, kwenye changarawe, taratibu, kisimwagike.

"Mwanangu, nimechoka. Mlinilaza wapi?"

Aliinuka kama binti aliyetumwa. Mwanamke yule ana magoti mabaya, kijijini anapanda ngazi ya duka kwa kusukumwa.

"Juu kule, mama," akasema. "Njoo, nikuonyeshe. Shika mkono."

Tukapanda tumeshikana mikono. Joanasie nyuma yetu, kisha Bi Thorburn na Pruett. Shangazi alipita masufuria, akapita maduara ya mahema, akafika kwenye ngazi ya nyumba za wakale, ambako Pruett alikuwa amechomeka vijiti vya rangi ya machungwa. Akapita kijiti cha kwanza, cha pili. Kwenye nyumba ya mwisho, iliyoanguka, mbavu za nyangumi zimelaliana na mawe yamejaa kuvu wa manjano, akasimama.

"Hapa."

Alisema akinitazama mimi, si wao. Joanasie alitafsiri kwa sauti ya chini sana.

"Mawe yote yalikuwa yameganda na ardhi. Kaka aliyapiga kwa shoka mpaka mpini ukavunjika. Tukawa tunakuzunguka, hatuna cha kukufunika, na mbweha wameshaanza kuja. Kaka akasema wakale watakupokea, nyumba yao ina nafasi. Mawe yao yalikuwa hayajaganda, yalikuwa juu juu, yamepangwa. Tukakuingiza. Kaka akavuta ubavu mmoja, paa likashuka lote. Nikalia kwa sababu nilidhani limekuumiza."

Pruett alichuchumaa karibu na kijiti chake.

"Hii tumeiandika kama nyumba ya kale iliyoanguka yenyewe," akasema. Alikuwa anasema polepole, kama mtu anayetembea kwenye barafu nyembamba. "Na ni nyumba ya kale. Sikatai anachosema. Lakini kwa nje siwezi kutofautisha. Ili mwenyekiti aandike kaburi, lazima pafunguliwe."

Joanasie akamtazama shangazi kabla ya kutafsiri. Kwetu hapafunguliwi. Ukimfungua aliyelala, baridi inaingia, na inamfuata mwenye jina popote alipo.

Shangazi akanigeukia. Hakuwatazama wale kabisa.

"Unataka kufunguliwa, mama?"

Nimesema mbele ya mawaziri. Nimeshafungwa mikono kwenye uwanja wa ndege na nikaendelea kusema. Pale niligeukia maji kwanza. Nilitazama ghuba, na barafu ikija, na mahali ambapo baruti ingekaa.

"Utapata baridi," akasema.

"Nina baridi tayari, mwanangu. Fungua kidogo, upande wa miguuni."

"Asiguse mtu mwingine," shangazi akamwambia Joanasie, na hiyo haikuhitaji tafsiri, Pruett alikuwa ameshasogea nyuma.

Tulipiga magoti, mimi na yeye. Tukatoa jiwe, tukalilaza pembeni, na jingine. Chini ya ubavu wa nyangumi palikuwa na uwazi mweusi, na harufu yake ilikuwa ya udongo mkavu tu. Shangazi akaingiza mkono hadi begani, akapapasa, akatulia. Kisha akasogea ili mwanga upite.

Ilikuwa soli ya kiatu. Ngozi ya sili, imekauka kama ubao, imetazama kwetu. Katikati ilikuwa na kiraka, na kiraka kilikuwa kimeshonwa vibaya sana, mishono mirefu na mifupi, mingine imepita pembeni kabisa, kama njia ya sungura.

"Mshono wangu," shangazi akasema.

Akakigusa kwa kidole.

"Nilikuwa sijajua kushona bado. Soli ilitoboka, na wewe mikono ilikuwa haishiki tena sindano, nikasema nitashona mimi. Kano za kushonea tulikuwa tumeshakula. Nikafumua uzi wa gunia la unga, lile la melini. Ukasema pamependeza." Akaondoa kidole. "Palikuwa pabaya, mama. Uliniongopea."

"Sikukuongopea," nikasema.

Pruett aliinama bila kukanyaga karibu, akatazama kwa muda mrefu.

"Uzi wa pamba," akamwambia Bi Thorburn. "Huo si wa wakale." Akavua kofia. Halafu akaking'oa kijiti chake cha rangi ya machungwa, akakiweka mfukoni.

Bi Thorburn aliandika. Aliniuliza jina na nikamwambia Qaunaq. Akasema hilo ni lako, naomba la aliyezikwa. Nikamwambia ndilo hilo, andika. Kalamu yake ikasimama kidogo.

Ndipo Ulajuk akapiga kelele. Tulirudisha mawe, shangazi akataka kila jiwe likae lilivyokaa, akalisogeza moja mara mbili huku Ulajuk anatutukana kutoka chini. Tulitoka ghubani mlango ukiwa umebaki upana wa boti na kasia, vipande vikikwaruza ubavuni, na Serikali na kampuni wakisukuma barafu kwa makasia kama watu wengine wote.

Uamuzi ulikuja jua likiwa limeshazama kwa msimu. Ghuba ya Nasitarvik haiguswi. Kampuni itafute gati mahali pengine, na huko nako kuna watu, na mimi nimeshawaandikia. Walituma na ramani mpya. Kisiwa bado ni kijivu, bado kinaitwa Ashcombe, bado hakikaliwi na watu. Imeongezwa alama nyekundu moja ngazini, na maelezo yake: kaburi la mwenyeji, mwanamke, jina halijathibitishwa.

Halijathibitishwa. Barua niliyowajibu ina kurasa nyingi na haijaisha.

Tangu siku ile miguu yangu haipati moto. Nalala na soksi mbili, nakaa karibu na jiko mpaka ngozi inaungua, ndani bado baridi. Nesi wa kituo amesema ni damu, ni umri, nitembee zaidi. Kana kwamba nimewahi kukaa. Shangazi hakumuuliza nesi. Jana alikuja na kadibodi yake chini ya kwapa na ngozi mpya ya sili, akaketi sakafuni kwangu.

"Lete miguu, mama."

"Naandika, mwanangu."

"Andika. Miguu haiandiki."

Nikamnyooshea mmoja, akaupima kwa kiganja, akaanza kutafuna ukingo wa ngozi na vile vijiti vyake vya meno. Nikakumbuka sentensi ya Ashcombe, nikainuka kutafuta kitabu. Nikarudi. Nikainuka tena kutazama barafu dirishani.

"Tazama," akasema, akiinua soli kwenye taa. Mshono ulikuwa umenyooka, mdogo mdogo, hauonekani mpaka uukaribie. "Mara hii sitaki uniongopee. Pamependeza?"

"Pamependeza."

"Basi kaa. Siwezi kumshonea mtu anayetembea."

Nikakaa. Kalamu sikuiweka.